Kwa Nini Mgonjwa kwa Kiingereza Huitwa "Patient"?

Usiku mmoja, miaka miwili iliyopita, niliandika sifuri kwenye faili la mgonjwa. Sifuri ile imenifundisha Kiingereza kuliko mitihani yote niliyofanya ili niruhusiwe kufanya kazi Uingereza.

Mimi ni nesi. Nilisoma stashahada ya uuguzi nyumbani Tanzania, nikafanya kazi miaka michache mkoani Tanga, kisha nikaja huku, nikasajiliwa, na baadaye nikamaliza shahada huku nikiendelea na zamu zangu. Niko wodi ya upasuaji. Usiku ninaousema tulikuwa na mzee mmoja wa Kizanzibari, umri wake umepita miaka 70, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri mchana wa siku hiyo. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.) Mwanawe alikaa naye mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha. Aliposikia kwamba nesi wa zamu anajua Kiswahili, alishusha pumzi, akaenda zake nyumbani.

Saa tatu usiku nilipita kitandani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Akatabasamu. Nilimpima presha, nikamwekea maji karibu, na kwenye kisanduku cha maumivu, ambacho hujazwa namba kuanzia 0 hadi 10, nikaandika 0. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa nane usiku nilirudi. Taa ilikuwa imezimwa, nikamkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na jasho na mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio. Nilipomgusa chini ya kitovu, tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Tulipompima kwa kile kimashine cha kutazama kibofu, tukaona mkojo umejaa. Wazee wa kiume huwapata sana hali hii baada ya upasuaji wa namna hiyo: mkojo unaziba na kibofu kinaendelea kujaa. Nilimwita daktari wa zamu, tukamwekea mpira wa mkojo, ikatoka karibu lita nzima. Nilimwona mzee akifumba macho na mabega yake yakilegea.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "maumivu haya yameanza saa ngapi?"

"Toka magharibi."

"Mbona hukusema? Nilipita hapa, nikakuuliza."

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, mie Kiingereza kidogo nilisoma skuli. 'Patient' ni mtu mwenye subira. Toka nimeingia humu, kila anayepita ananambia 'patient'. Hata hii karatasi waliyonipa imeandikwa 'patient'. Basi mie nnasubiri."

Nikamweleza kwamba hapa neno hilo lina maana ya mgonjwa tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Loo. Mie nilidhani wananisifu."

Mpaka leo sina hakika kama alikuwa anatania. Lakini nilipofika nyumbani asubuhi sikulala. Nilifungua kamusi nione kama mzee amekosea. Nikakuta hakukosea hata kidogo.

Neno lilikotoka

"Patient" ni neno la Kilatini lililovaa nguo za Kifaransa. Kwa Kilatini kuna kitenzi pati. Maana zake ni kuteseka, kupatwa na jambo, kuvumilia, na pia kuliacha jambo litendeke. Kutokana na kitenzi hicho tunapata patiens, yaani mtu anayeteseka, anayevumilia. Wafaransa wa zamani walilichukua wakalifanya pacient. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa wa nchi ile, na maneno yake mengi yakaingia katika Kiingereza, likiwamo hili.

Lilipoingia, liliingia na maana mbili. Moja ni sifa: mtu mwenye subira. Ya pili ni jina: mtu aliye chini ya mkono wa tabibu. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wanazitumia zote mbili. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anaonyesha jambo hilo katika kitabu chake cha The Canterbury Tales. Mmoja wa wasafiri katika kitabu hicho ni tabibu, na watu anaowatibu wanaitwa kwa neno hilihili. Msafiri mwingine anasimulia habari za Griselda, mke ambaye mumewe anamnyang'anya watoto wake ili kuipima subira yake, na yeye halalamiki hata mara moja. Kwa karne nyingi Waingereza walimtaja Griselda kama mfano wa subira. Ukimsoma leo ukiwa nesi, unatamani mtu angemuuliza: mama, kati ya sifuri na kumi?

Kwa hiyo mgonjwa anaitwa "patient" kwa sababu anateseka, na mwenye subira anaitwa "patient" kwa sababu anayabeba mateso bila kelele. Ni neno moja lenye matawi mawili. Mzee wangu alishika tawi la pili, na hakuna aliyemwonyesha la kwanza.

Wanafunzi wanaosoma isimu watalikuta tena neno hili mahali pengine. Katika sentensi "Daktari alimpasua mzee", wataalamu wa lugha wanaoandika kwa Kiingereza humwita daktari "agent", yaani mtenda, na mzee humwita "patient", yaani mtendwa. Hata neno "passive", ambalo kwetu ni kauli ya kutendwa, limetoka katika kitenzi kilekile cha pati. Tangu Kilatini, basi, neno hili limembeba mtu ambaye mambo yanamfika, yeye akiwa anayapokea.

Hapa nitoe tahadhari ndogo, kwa sababu najua wasomaji wetu wana macho makali. Sisi tuna "kupata" na "kupatwa", na husema mtu amepatwa na ugonjwa. Inafanana na pati, lakini huo ni mfanano wa sauti tu. "Kupata" ni neno letu la Kibantu na halina undugu wowote na Kilatini. Vilevile "pathology" na "sympathy" yanafanana na "patient", lakini yametoka katika neno la Kigiriki, pathos. Kwenye maneno, kama kwenye watu, kufanana sura hakutoshi kuwa ndugu.

Ndugu zake wa kweli

Ndugu wa kweli wa "patient" wako wengi, na baadhi yao tumewala na kuwanywa tangu utotoni. Juisi ya pasheni unaijua. "Passion" limetoka katika passio, yaani mateso, kutokana na kitenzi hichohicho. Wamisionari wa Kihispania walipofika Amerika ya Kusini na kuliona ua la mmea ule, waliona katika sehemu zake alama za mateso ya Yesu: taji la miiba, misumari, majeraha. Wakaliita ua la mateso, na tunda likafuata jina la ua. Kwa hiyo jina la pasheni lina mateso ndani yake, ingawa ukinywa juisi yake huwezi kudhani.

"Compassion" ni ndugu mwingine. Mwanzo wake, com, una maana ya "pamoja". Ukiliweka pamoja na pati unapata kuteseka pamoja na mwenzako. Kiswahili tunasema huruma, lakini Kilatini kinaeleza kwa undani zaidi: huruma ni kukaa ndani ya maumivu ya mtu mwingine, wala si kumtazama kwa mbali. Neno hili utaliona kwenye kuta za hospitali nyingi za hapa, na kwenye karibu kila tangazo la kazi ya unesi.

Ndugu wa tatu yuko bustanini. Kila kiangazi, kwenye vyungu vya maua vya majirani zangu, naona ua dogo la rangi nyekundu, nyeupe au waridi ambalo Waingereza huliita "busy lizzie". Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Impatiens maana yake ni "asiye na subira", kwa sababu tumba lake la mbegu likiiva, ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Na asili ya ua hilo ni Afrika Mashariki. Nilipojua hivyo nilicheka peke yangu kituo cha basi. Miongoni mwa wageni wote waliotoka kwetu, Waingereza wamempa ua cheo cha "asiye na subira", na sisi binadamu tumebaki na sifa ya kuvumilia.

Huku Uingereza wapo pia wasiolipenda neno "patient". Wanasema linamfanya mgonjwa awe mtu wa kutendewa tu, na wengine wangependa aitwe "client". Lakini cliens, katika Roma ya kale, alikuwa mtu wa chini aliyeishi kwa ulinzi wa bwana mkubwa na kumtumikia. Ukikimbia neno moja, unaangukia lingine. Mimi nadhani shida haiko kwenye jina. Iko kwenye kile ambacho mtu mwenye jina hilo anadhani anatakiwa kukifanya.

Subira yetu na "sijambo" yetu

Turudi kwenye sifuri yangu. Mwingereza angeandika sifuri kwa sababu hajui Kiswahili. Mimi niliiandika kwa sababu nakijua.

Tazama swali nililouliza. "Hujambo" maana yake ni "huna jambo", na "sijambo" ni "sina jambo". Sisi hatumuulizi mtu ana hali gani. Tunampa jibu tayari, naye analirudisha. Ni salamu nzuri, imelea adabu zetu kwa karne nyingi, lakini si kipimo cha maumivu. Mtu mzima wa pwani akiulizwa "hujambo" na kijana aliyemwamkia shikamoo, atajibu "sijambo" hata kama anakata roho, kwa sababu kufanya vinginevyo ni kuanza maongezi kwa kumtwisha mwenzake mzigo. Na akiongeza "alhamdulillahi" au "namshukuru Mungu", hapo anamshukuru Mola wake. Ni jambo la imani, na halina uhusiano na namba yoyote kwenye faili langu.

Ndani ya salamu zenyewe huwa kuna dalili, kama mtu ana masikio. "Sijambo kidogo" ni mgonjwa. "Sijambo, ila mguu tu" ni mgonjwa, na habari yote iko baada ya "ila". "Tunaendelea" inasemwa na mtu ambaye kuendelea kwenyewe ni kazi. "Hivyohivyo" usiiache ipite. Mzee wangu hakusema hata moja kati ya hizo. Alikuwa na sababu yake, nami sikuuliza mara ya pili.

Sisi pia tuna methali zetu. Subira yavuta heri. Mvumilivu hula mbivu. Tumeambiwa maneno haya tangu tukiwa tunajifunza kutembea. "Subira" lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, sabr, na herufi zilezile za Kiarabu ndizo zinazotaja shubiri, ule utomvu mchungu wa mshubiri ambao mama zetu walipaka kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya. "Stahimili" nalo lina asili ya Kiarabu, katika shina la kubeba, lilelile lililotupa "hamali", mpagazi wa mizigo. Waliotuletea maneno haya hawakuficha kwamba subira ni chungu na kwamba kustahimili ni kubeba. Lakini sikuona popote kwamba hamali amekatazwa kusema mzigo ni mzito.

Naandika hivi kwa sababu mama yangu nusura nimpoteze kwa neno "sijambo".

Ilikuwa mwaka wangu wa pili huku. Kila Jumapili nilimpigia simu, na kila Jumapili alikuwa hajambo. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akawa ananunua vidonge vya diklofenaki duka la dawa la mtaani, kwa miezi kadhaa, bila kumwambia mtu. Dawa za kundi hilo zinaweza kuchubua ukuta wa tumbo na kuleta vidonda, hasa kwa mtu mzima anayezimeza kila siku. Tumbo likaanza kumchoma. Akanywa maziwa, akafunga kanga kiunoni, akaendelea kupika maandazi yake alfajiri. Mdogo wangu alipomuuliza mbona hali, alijibu amefunga. Siku kidonda kilipotoboka alianguka jikoni. Alipasuliwa usiku uleule katika hospitali ya mkoa, na madaktari wale, Mungu awalipe, waliokoa maisha yake.

Mimi, nesi niliyesoma mpaka ng'ambo, nilipata habari siku ya tatu. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Ungeacha kazi ukaja. Na maumivu yenyewe nilikuwa nayaweza."

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, najua, wana simu kama hiyo. Sisi huku tunawaambia nyumbani kwamba hatujambo, wakati tuna zamu mbili na homa. Wao wanatuambia hawajambo. Kila upande unamlinda mwenzake, na katikati ugonjwa unakua.

Kuugua

Baada ya usiku ule wa mzee niliangalia pia neno letu wenyewe, nililolitumia miaka yote bila kulitazama. Kwa Kiswahili mgonjwa anaugua. Na "kuugua" kuna maana mbili, kama "patient" lilivyo na mbili. Ya kwanza ni kuwa na maradhi. Ya pili ni kutoa sauti ya maumivu, kupiga kite. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wanaijua hii ya pili, kwa sababu tafsiri ya zamani ya Warumi sura ya 8 inalitumia neno hilo kwa maana ya kite na wala si homa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kilatini kilimtazama mtu mwenye maumivu kikaona anavumilia. Kiswahili kilimtazama kikasikia sauti yake. Kwetu, tangu zamani za lugha, kuumwa na kupaza sauti vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyesema ni aibu.

Kutoka "kuugua" tumepata "kuuguza", na kutoka "kuuguza" tumepata "muuguzi". Nilifikiri pia juu ya "nurse", ambalo sisi tumelifanya nesi. Nalo ni la Kilatini: nutrire, kulisha, kunyonyesha. "Nurse" wa kwanza alikuwa mama wa kunyonyesha mtoto wa mwenzake, na ndugu wa neno hilo ni "nutrition", lishe. Ni jina zuri. Lakini muuguzi ananigusa zaidi. Kwa umbo la neno, kama kupunguza ni kufanya kitu kipungue, kuuguza ni kumfanya mtu augue. Bila shaka hatuna maana ya kumwumiza. Mimi mwenyewe nimeamua kulielewa hivi: muuguzi ni mtu ambaye mbele yake mgonjwa anaweza kuugua, akatoa sauti yake bila kuona haya. Usiku ule nilikuwa nesi mwenye kalamu. Sikuwa muuguzi wa mzee yule mpaka saa nane.

Mwaka 1968 nesi mmoja wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha kanuni ambayo bado tunaifuata: maumivu ni kile ambacho mwenye nayo anasema ni maumivu, na yapo wakati anaposema yapo. Kanuni hiyo iliwatetea wagonjwa wengi ambao watabibu hawakuwaamini. Lakini inamtegemea mtu anayesema. Mzee wangu na mama yangu hawakusema. Kwa watu kama wao, kazi inabaki kwetu sisi tulio karibu nao.

Mambo ya kufanya nyumbani

Haya ni mambo ambayo sasa nawaambia jamaa na marafiki kila mtu wao mzima anapokwenda hospitali, awe Muscat, London au Chicago.

Kwanza, mfundishe namba kabla hajaumwa. Wazee wetu wengi hawajawahi kuulizwa maumivu kwa hesabu, na ukiwauliza ghafla wanaona ni utoto. Mwambie: sifuri ni kutosikia kitu, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kuyapata. Kwa mama, mara nyingi kumi ni uchungu wa kuzaa, naye atakuelewa mara moja. Asiyependa namba aonyeshwe picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Picha hizo zilitengenezwa Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto, na watu wazima huzitumia pia. Mweleze pia kwamba namba hiyo si malalamiko. Ni kipimo, kama presha.

Pili, usiulize "hujambo" pale unapotaka kujua maumivu. Mwamkie kwanza kwa adabu zote, salamu ziishe, halafu uliza swali jingine kabisa: "Panauma wapi?" Siyo "panauma?", kwa maana hilo jibu lake ni "hapana". Mwombe akohoe, ageuke, ainuke, na umtazame uso. Mtu anaweza kulala bila maumivu na akashindwa kukaa.

Tatu, wafundishe watoto maneno ya maumivu. Kiswahili ni tajiri sana hapa, na watoto wetu waliozaliwa huku wanajua "inauma" tu. Kidonda kinachoma. Jino linapwita. Tumbo linasokota, au linanyonga, au linawaka moto. Mgongo unavuta. Mguu unakufa ganzi. Ubavuni kuna kichomi. Kwa daktari kila neno kati ya hayo linaonyesha njia tofauti. Tumbo linalosokota na kuachia si sawa na tumbo linalochoma ukiwa na njaa. Mjukuu anayemtafsiria bibi "linasokota" kwa kusema tu linauma, amemnyima daktari nusu ya habari.

Nne, na hili linatokana na la tatu: mjukuu asiwe mkalimani wa hospitali. Bibi hawezi kumwambia mtoto wa miaka 12 kwamba anatokwa na damu sehemu za siri, na mtoto hapaswi kuambiwa. Katika hospitali za serikali za Uingereza mnaweza kuomba mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Marekani nako, hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kumpatia mkalimani mtu asiyejua Kiingereza. Ombeni mapema, siku mnapopewa miadi. Na semeni ni Kiswahili cha wapi, kwa sababu mama wa Bukavu na mzee wa Pemba wanaweza kuhitaji mkalimani tofauti.

Tano, waambie wazee neno "patient" lina maana gani. Wasomee hata makala hii. Waambie kwamba mtu akiwaita hivyo hospitalini, hawaombi wanyamaze.

Mzee wangu aliruhusiwa siku mbili baadaye. Asubuhi ya kuondoka nilipita kumuaga, nikamwamkia, akaitikia. Nilikuwa sijafungua mdomo kuuliza alipoinua vidole vitatu. "Leo tatu," akasema. "Jana ilikuwa tano. Andika." Nikaandika.

Mama yangu alichukua muda mrefu zaidi. Kwa miezi alinijibu "sijambo" kila nilipouliza namba, na mara moja alinikasirikia akasema yeye si mwanafunzi wa hesabu. Sikuacha kuuliza. Jumapili iliyopita simu ilipita vizuri, akanipa habari za majirani, bei ya mchele na harusi ya binamu yangu. Nikamuuliza kama kawaida, "Mama, magoti? Kati ya sifuri na kumi?"

Kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"La kulia sita," akasema. "La kushoto nne. Na sijanunua vile vidonge, kwa hiyo usianze."

Nikamshukuru. Kisha tukazungumza juu ya goti la kulia.